Mdomo wa Tatu

Mashine ile ya kusafisha mbegu ilikuwa na midomo mitatu, na Bi Mashine aliijali miwili tu.

Mdomo wa kwanza ulitema majani, vijiti na mawe. Wa pili ulitoa mbegu zenyewe: mtama mnene, punje sawasawa kama shanga za uzi mmoja. Wa tatu, ule wa chini kabisa, ulitema kila kilichopenya kwenye matundu ya bamba la kuchujia: vumbi, chenga, na punje ndogondogo zisizo na sura. Vya mdomo wa tatu havikuwa na mwenyewe. Mteja alifunga gunia lake la mdomo wa pili, akalipa kwa debe, akaenda zake akilipapasa. Makapi yalibaki bandani hadi Ijumaa, siku ambayo wifi yake Bi Mashine, dada wa mumewe, alikuja na mkokoteni kuyachukua akawape kuku.

"Karibu, takataka zako hizo hapo, wifi," Bi Mashine humwambia.

"Zangu tena? Unazizaa wewe, nazilea mimi," wifi hujibu. Wote hucheka, ingawa mmoja hucheka kuliko mwingine.

Jina la Bi Mashine hakupewa kwa hisani. Alilifanyia kazi. Alishika spana mbele ya wanaume waliokuja kutazama kama atajikata vidole, akajifunza kujua kwa sikio tu kwamba mkanda umelegea au kokoto imeingia kwenye feni. Mumewe, seremala, alimjengea banda la mabati na kuandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: MBEGU SAFI NI HAPA. Mwanzoni watu walicheka. Kisha wakaleta magunia. Nani atashinda na ungo mchana kutwa, vumbi machoni, wakati kuna chuma kinachomaliza gunia kabla hamjamaliza kusalimiana? Misimu mitatu ikapita hivyo, na hakukuwa na nyumba kati ya sitini za kikundi chao cha wakulima iliyopanda punje ambayo haikupita mikononi mwake. Naye alilijua hilo, na alitembea kama mtu anayelijua.

Msimu wa nne mvua ikakatika wiki tatu kabla ya wakati wake. Mtama ulikuwa umesimama vizuri, mrefu, kijani, masuke juu kama askari kwenye gwaride. Ukiminya punje ilitoka tone la maziwa. Wiki iliyofuata hata tone halikutoka. Mashamba yote yakakauka yakiwa yamependeza, na hakuna kitu kinachouma kama njaa iliyopendeza.

Watu wakailaumu mvua. Bi Mashine naye akailaumu, tena kwa sauti. "Mvua ikikunyima, mashine ikupe nini?" alisema, na kila mtu alitikisa kichwa kukubali. Mwenyekiti wa kikundi akaitisha mkutano wa Jumamosi: kila nyumba ije ghalani na akiba yake ya mbegu ya mwaka jana, ipite tena kwa Bi Mashine, ipangwe, ipandwe mvua zijazo. Zilibaki kama wiki tano.

*

Alhamisi, Bi Mashine alikwenda kwa wifi yake kuchukua magunia matupu.

"Hodi hapa!"

"Karibu, ila kanyaga taratibu, kuna mayai huko!" Wifi alijitokeza mlangoni mwa banda la kuku, mwanamke mrefu, kitambaa kichwani, manyoya mabegani, na mdomo ambao haukujua likizo. "Leo Bi Mashine mwenyewe kwa miguu yake? Basi kuna kuku atataga mawili."

"Nataka magunia yangu."

"Yapo nyuma, juu ya kamba. Kachukue, mimi mikono imejaa."

Bi Mashine akazunguka nyuma ya banda. Akasimama.

Pale wifi alipozoea kumwaga samadi na masazo ya makapi palikuwa na mtama. Haikuwa miche kumi wala ishirini. Kilikuwa kipande kizima, upana wa nyumba, kimezungushiwa wavu wa kuzuia kuku na kufunikwa juu kuzuia ndege. Mtama wenyewe ulikuwa mfupi, umeota vurugu bila mstari, usingeupiga picha. Lakini kila suke lilikuwa limeinama kwa uzito. Umekomaa. Umeshaanza kukauka kwenye bua, tayari kwa kisu.

"Wifi! Huu mtama kaupanda nani?"

"Kuku."

"Sitanii mimi."

"Na mimi sitanii. Si wanasema penye kuku wengi usimwage mtama? Mimi nilimwaga. Kuku wakala wakachoka, mwingine ukaota. Nikasema, kisichonigharimu acha kimee. Nikanunua wavu."

"Ni mbolea hii," Bi Mashine alisema haraka. "Mbolea ya kuku ina moto. Imeuharakisha."

"Hata mimi nilisema hivyo. Njoo huku."

Wifi akampeleka upande wa pili wa wavu. Palikuwa na mistari mitatu iliyonyooka, mtama mrefu, majani mapana, masuke wima. "Hii ni mbegu yako. Daraja la kwanza, ile uliyonipa ukasema angalau nipande kitu cha maana. Nimeipanda wiki ileile, samadi ileile, na maji ya kunyweshea kuku yanamwagwa humuhumu. Haya, minya."

Bi Mashine akaminya suke la mstari wake. Ganda tupu. Akaminya la pili, la tatu. Akarudi kwenye ule mtama wa vurugu, akachuma suke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza. Zikabaki punje ndogondogo, ngumu, rangi ya kutu. Akaitia moja menoni na ikalia kama kijiwe.

Alizijua. Angewezaje kutozijua? Zilikuwa zikimwagika mbele ya miguu yake miaka minne.

Bi Mashine hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomuumiza, kwa sababu mjinga angechukua magunia yake akaenda nyumbani. Yeye alisimama pale akaiona njia yote. Zamani watu walipanda walichonacho, kikubwa na kidogo pamoja, kutoka chungu kimoja. Mvua ikiwa nzuri, mtama mkubwa uliwashibisha. Mvua ikikatika, mdogo ulikuwa umeshawahi. Hakuna aliyejua kwamba ni mitama miwili, kwa sababu hakuna aliyewahi kuitenganisha. Mpaka alipokuja yeye na bamba lake la matundu. Msimu wa kwanza akautoa mdogo kidogo, wa pili na wa tatu ukapungua, wa nne ukaisha. Akawaachia watu mbegu nzuri ya kutazama, isiyojua kuwahi.

Aibu ikampanda kutoka miguuni. Hakuwa na kumbukumbu ya aibu kama ile tangu azaliwe.

"Wifi, umesawijika. Una nini?"

"Unaukata lini?"

"Kesho kutwa. Nawapa kuku. Na lile gunia lako la mwisho la takataka bado liko stoo, limejaa, nalo ni lao."

"Usiukate. Wala usiwamwagie hata konzi. Nakuomba."

Wifi alimtazama juu mpaka chini. Tangu huyu mwanamke aolewe na kaka yake, neno nakuomba lilikuwa halijamtoka.

*

"Nani mwingine anajua?" mumewe aliuliza jioni ile. Alikuwa anapiga randa mguu wa kiti nje ya mlango, na alipomaliza kusikiliza hakuwa tena na la kupiga, ule mguu ulikuwa umekonda.

"Mimi, wewe, na dada yako."

"Dada yangu! Basi wanajua wote mpaka kituo cha basi."

"Hajaelewa. Anadhani ni maajabu ya kuku wake."

"Basi yaache yawe maajabu." Akaiweka randa chini, akasema polepole, kama anayembembeleza ng'ombe. "Mke wangu, mvua imeshalaumiwa. Mvua haiumii. Wewe utaumia."

"Jumamosi wanaleta mbegu zao zote. Wakizipanda na mvua ikakatika tena?"

"Na isipokatika?"

"Na ikikatika?"

Seremala akajikuna shingo. "Badilisha bamba kimyakimya. Weka lenye matundu madogo. Hizo ndogo zitabaki na wenzao, na hakuna atakayejua kilichotokea."

"Zitabaki zipi? Hazimo tena. Nimezitoa nimezimaliza. Ungeweka hata bamba la kitambaa, huwezi kuchuja kisichokuwemo."

Mumewe alikuwa mtu wa vipimo, na kipimo hicho kilikuwa sahihi.

"Lile bamba lenyewe liko wapi?" mkewe aliuliza.

Wote wawili wakageuka kutazama pipa la maji pembeni mwa mlango. Bamba la pili, lile la matundu madogo lililokuja na mashine, lilikuwa linafunika pipa, na juu yake jiwe. Miaka minne. Bi Mashine alikumbuka siku alipolitoa mashineni. Ilikuwa wiki ya kwanza ya kazi. Mteja mmoja alitia mkono kwenye gunia lake lililokwisha kusafishwa, akasema, "Mbona ni kama nilivyoleta?" Mchanga ulikuwa umetoka, mawe yametoka, wadudu wametoka, lakini punje zilikuwa kubwa na ndogo kama kawaida, na yule bwana akaona amelipia upepo. Neno lile lilimchoma. Siku hiyohiyo akafunga bamba la matundu makubwa. Punje zikatoka zimelingana, watu wakashika vinywa. Naye akaonja sifa, na sifa ni tamu.

"Wataipiga mawe mashine yako," mumewe alisema.

"Ya chuma ile."

"Na wewe?"

Bi Mashine alilitoa jiwe, akaliinua bamba, akaanza kulisugua kutu kwa majivu.

*

Ijumaa asubuhi alimweleza wifi yote, bila kupunguza. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kisha akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Kwa hiyo takataka zangu sasa ni mali."

"Ni mbegu."

"Miaka minne nakokota mkokoteni barabarani, watu wananiuliza wifi yako amekutupia nini leo. Na wewe unacheka."

"Nilicheka."

"Sasa unalitaka gunia."

"Na huo mtama uliosimama. Nusu yake. Nusu ubaki wako."

"Na kuku wangu wale nini? Watafune mkutano?"

Bi Mashine alishajua atakayoambiwa, na aliambiwa. Gunia kwa gunia. Gunia la makapi kwa gunia la daraja la kwanza, lile la mwisho lililobaki nyumbani kwao, ambalo waliliweka wale mpaka mavuno yajayo. Na jambo la pili: "Utasema mbele ya watu kwamba mbegu imetoka kwenye banda la kuku la nani. Kwa sauti. Nikiwepo."

"Nitasema."

"Nilidhani utakataa la pili," wifi alisema, kidogo kama mtu aliyenyang'anywa ugomvi.

Alipofika nyumbani kulichukua gunia, alimkuta mumewe amelikalia.

"Hili ni la kuliwa," alisema.

"Litaliwa."

"Na kuku!"

"Inuka, mume wangu."

"Dunia nzima ina njaa, kuku wa dada yangu wanakula daraja la kwanza! Watu wakisikia tutawaambia nini?"

"Watasikia kesho, na nitawaambia mimi. Inuka, jua linapanda."

Aliinuka. Tena alilibeba mwenyewe mpaka kwenye mkokoteni, akinung'unika njia nzima, na alipolishusha kwa dada yake aliwatazama kuku kwa jicho ambalo lingewahamisha kuku wenye akili.

*

Ghala la kikundi lilijaa kabla ya saa tatu. Magunia yalipangwa ukutani, kila mtu karibu na lake. Mwenyekiti, mtu mnene mpole aliyependa mikutano imalizike kama ilivyoandikwa, alifungua kwa maneno mazuri kuhusu subira na akamkaribisha Bi Mashine aeleze zamu za kusafisha.

Bi Mashine akaweka mezani mabamba mawili na mabakuli mawili.

"Ndugu zangu, kabla hamjafungua magunia nina neno. Mtama wenu haukuuawa na mvua peke yake. Nilisaidia."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni utani wa kuchangamsha. Hakuna aliyemfuata.

Akawaeleza. Hakutumia maneno makubwa. Aliwapitishia bakuli la kwanza, punje nene zinazopendeza, akasema hizi ndizo nilizowaachia. Akawapitishia la pili, punje ndogo za rangi ya kutu, akasema hizi ndizo nilizowaondolea, nazo zimekomaa mwaka huu, mvua hii hii, nyuma ya banda la kuku la wifi yangu yule pale. "Na wavu nilinunua mimi!" wifi alidakia. Kisha akainua bamba la matundu madogo. "Hili nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Lingewaachia zote. Nililitoa kwa sababu nilipenda mbegu zenu zipendeze na mimi nisifiwe. Limekuwa likifunika pipa langu la maji."

Wa kwanza kusema alikuwa Kauzibe, mkulima aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna mkutano aliowahi kuuacha upite.

"Ngoja nielewe. Tulikulipa ututupie chakula?"

"Ndiyo."

"Kwa debe."

"Kwa debe."

"Na mwaka juzi mimi nikakuletea mche wa sabuni, shukrani."

"Ulileta. Tulifulia."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikuwa kizuri, kilikuwa na meno. Maneno yakaanza kuruka. Mmoja alitaka arudishiwe malipo ya misimu yote minne. Mwingine akauliza kama kuna jingine anaficha, maana mwizi wa yai atarudia kuku. Mama mmoja akasema tangu lini mwanamke akaelewa mashine, na wanawake wenzake ndio waliokuwa wa kwanza kuitikia. Bi Mashine alisimama palepale, mikono juu ya bamba. Masikio yalikuwa yanamwaka moto. Mumewe, kwenye benchi la nyuma, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kisha akainuka mama wa ng'ambo ya mto, mwembamba, ambaye kwa kawaida hasemi mikutanoni.

"Mimi nilipanda mara mbili," alisema. "Nilipoona unachelewa nilidhani nimekosea mahali. Nikalima tena pembeni kwa mgongo huu. Nikaja kwako nikachukua mbegu nyingine."

"Nakumbuka."

"Ukanipa ileile."

"Nikakupa ileile," Bi Mashine alisema. "Nisamehe, mama."

Yule mama hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alilitwaa gunia lake, akajitwika, akatoka. Akafuata mwingine. Halafu wengi.

"Jumatatu nitalisafisha lile gunia la punje ndogo, bure!" Bi Mashine aliwapigia kelele migongoni. "Kila nyumba bakuli moja! Mchanganye na zenu mpande pamoja, kama zamani!"

Ghala likabaki na Mwenyekiti, karatasi yake ya zamu mkononi. "Bibi, ungeniambia kwanza faragha."

"Ningekuambia faragha, ungeniambia ninyamaze."

Mwenyekiti alifikiri. Alikuwa mtu mpole lakini si mwongo. "Ni kweli," alisema.

*

Jumatatu alifunga bamba la matundu madogo. Feni akaipunguza, kwa maana upepo unaopeperusha kapi hupeperusha na punje nyepesi. Akamimina gunia la wifi, na ule mtama wa nusu uliokwisha kupurwa, polepole, mkono kwenye mlango wa kumiminia, sikio kwenye mkanda. Mdomo wa tatu ukatema vumbi na chenga tupu. Mdomo wa pili ukatoa punje ndogo, nzima, safi, za rangi ya kutu. Hakuna siku aliyoiendesha ile mashine vizuri kama siku ile, na hakukuwa na mtu wa kuona. Mumewe alimshikia mifuko. Wakajaza mifuko sitini ya karatasi, bakuli moja kila mfuko, wakaipanga rafuni.

Hakuja mtu. Jumanne hakuja mtu. Jumatano alikwenda dukani kununua chumvi, na mama aliyekuwa mbele yake akasema bila kugeuka, "Bi Makapi, sogea, unanikanyaga." Dukani wakacheka. Kufikia Ijumaa jina lilikuwa limeenea kila mahali: watoto walilipiga kelele wakitoka shule, vijana wa pikipiki walilipigia honi. Bi Makapi! Bi Makapi! Yeye hakuitika hata mara moja. Alikuwa na jina lake, alilolifanyia kazi, na mtu asiyeitwa hana sababu ya kugeuka.

"Nifute ule ubao wa mlangoni?" mumewe alimuuliza.

"Uache."

Nyumbani chakula kilipungua wakaanza kula mara moja kwa siku. Siku ya sita wifi alikuja na mkokoteni, na juu yake gunia lao la daraja la kwanza, limepungua nusu. Akalisukumia mlangoni.

"Chukueni. Kuku wangu wamelikataa. Punje kubwa zinawakwama kooni."

Kaka yake alimtazama. Kuku wanaomeza mahindi mazima! Akafungua mdomo, mkewe akamkanyaga mguu.

"Pole yao," Bi Mashine alisema. "Ahsante, wifi."

"Ahsante ya nini? Nimewaletea takataka," wifi alisema, akageuza mkokoteni wake akaondoka akiwa amefurahi sana.

*

Siku ya tisa mawingu ya kwanza yalionekana, membamba tu. Bi Mashine alikuwa bandani anatia mafuta kwenye beringi aliposikia sauti barabarani.

"Bi Makapi!"

Akaendelea kutia mafuta.

"Bi Makapi, upo?"

Akafuta kopo kwa kitambaa. Mlango ukaingia giza, na alipoinua macho alimwona mama wa ng'ambo ya mto, gunia kichwani, magunia matatu matupu kwapani. Alilishusha la kichwani bila kuomba msaada.

"Hizi ni mbegu zangu. Zina mawe na wadudu. Siwezi kuzipepeta zote, mgongo umekwisha." Akatupa magunia matupu sakafuni. "Funga moja kila mdomo. Yote mitatu. Kinachotoka humu ni changu, hata vumbi. Kuchagua nitachagua mwenyewe."

"Na bamba?"

"Lile la pipa."

Bi Mashine akalionyesha, limeshafungwa. Mama akainama, akatia kidole kwenye matundu, akaridhika. Mashine ikawashwa. Kwa dakika zote zile yule mama hakuondoka kwenye mdomo wa tatu. Alikinga kiganja, akaangalia, akamwaga, akakinga tena. Mara moja aliokota kitu katikati ya chenga, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akakitia kwenye pindo la kanga yake. Bi Mashine alitaka kusema kwamba ile ni chenga tu, imevunjika, haitaota. Badala yake akarudisha sikio kwenye mkanda.

Ilipokwisha, mama alifunga magunia yake matatu. Akachukua na mfuko mmoja rafuni, akaumimina kwenye gunia la mbegu, akachanganya kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Kisha akatoa pesa za kusafishia.

"Hapana, mama. Zako siwezi kupokea."

"Pokea. Kazi ni kazi. Lile la ghalani hatujalimaliza, tutalimaliza siku nyingine."

Alipokea. Alimsaidia kujitwika, akamsindikiza mpaka mlangoni. Yule mama alisimama chini ya ubao mwekundu, akaelekeza uso mtoni, na kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, akaita: "Njooni! Inatema vyote!"

Kwenye kichaka cha ng'ambo wakainuka watu. Walikuwa wamekaa pale muda wote, magunia miguuni, wakisubiri kuona. Wanane, kumi, kumi na mbili, wakaanza kuvuka juu ya mawe mmoja mmoja. Mbele yao alikuwa Kauzibe, amebeba gunia begani, na kwapani magunia matupu. Kabla hata hajafika ukingoni alikuwa ameshaanza.

"Bi Makapi! We Bi Makapi! Upo au umefunga?"

Bi Mashine alijifuta mikono. Akavuta pumzi mpaka chini kabisa.

"Abee!" aliitika. "Nipo! Shikeni foleni!"